Kimya, Kuku Anaatamia

Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita aliitwa Radi, na jina hilo hakulipata kwa ukali, maana hakuwahi kumchapa hata nzi. Alilipata kwa sauti. Akisema "fungueni madaftari", watoto wa chekechea ng'ambo ya uwanja nao walifungua, na mpishi wa shule alishatia chumvi mara mbili kwenye sufuria kwa kushtuka. Yeye mwenyewe aliiona sauti hiyo kuwa neema.

"Mungu hakupi kinywa ukifunike kwa kawa," alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa msusi, kutwa nzima alisikiliza maneno ya watu, akachoka. "Baba watoto," alijibu, "mimi hilo kawa ningelinunua hata kwa mkopo."

Siku moja mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mama wa maneno machache, na machache yenyewe yalikuwa mazito.

"Kwenye orodha una watoto thelathini na tisa. Jana baada ya chakula cha mchana nimehesabu kumi na mmoja. Waliobaki wanaumwa tumbo, na tumbo lenyewe linapona saa ya mpira. Mwisho wa mwezi nitapita tena. Nikikuta hali ni hii hii, darasa nampa mwalimu wa jiografia, na wewe utakwenda kutunza stoo ya vitabu."

Radi alitoka humo akiiwaza stoo. Ajira asingeipoteza, lakini alichokipenda katika kazi ile ni ule uso wa mtoto anapoelewa jambo ghafla, na stoo ya vitabu haina uso.

Basi akashika lake moja: darasa livutie, watoto watakuja wenyewe. Alipaka kuta rangi ya papai lililoiva, akaanguka na kopo mara mbili, akarudi nyumbani wa manjano hadi nyusi. Mkewe alishona mito kwa mapazia ya zamani ya saluni. Madawati yakapangwa nusu duara, maua yakapandwa kwenye makopo ya maziwa, na pembeni pakatandikwa mkeka, mito, na kikapu kikubwa cha vitabu vya hadithi. Mtu mzima angetamani kuacha kazi arudi darasa la sita.

Siku ya kwanza walikuja thelathini, wakakaa, wakatabasamu. Radi akajaa furaha, akasimama katikati, akawakaribisha kwa moyo wake wote na pumzi zake zote. Kopo moja la maua lilianguka dirishani. Kesho yake walikuja kumi na mmoja. Alitafakari sana juu ya jambo hilo, akaamua kosa lilikuwa rangi.

Jumatatu iliyofuata aliingia darasani akakuta vitabu vimepangwa sakafuni, na ndani ya kikapu amekaa kuku mwekundu, amejitanua, anamtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Radi akavuta pumzi ili aulize. Kabla haijatoka, kiranja akanyoosha mkono. Alikuwa binti mdogo mwenye miwani, na aliongea kama hakimu.

"Samahani, mwalimu. Ana mayai kumi na mawili. Kuku anayeatamia akishtushwa anasusa. Vifaranga wanafia ndani."

Radi alifunga kinywa. Alikuwa na sauti ya radi lakini moyo wa uji. "Anaatamia siku ngapi?" aliuliza, na sauti ikatoka nyembamba, hata yeye akageuka kutazama nani kasema.

"Ishirini na moja, mwalimu."

Akafundisha kwa kunong'ona. Siku ile ilimchosha kuliko kupakia mchanga kwenye lori. Koo liliwasha, jasho likamtoka, na kila alipofika kwenye jibu zuri la hesabu ilimbidi aume leso. Lakini watoto waliinama mbele ili wasikie. Wa nyuma wakasogeza madawati taratibu, wakiyabeba yasikwaruze. Ikawa hawezi kujieleza peke yake muda mrefu, koo halikumruhusu, basi akawa anauliza, nao wanajibu, naye anasikia majibu ambayo zamani yalizama ndani ya sauti yake. Mtoto mmoja aliyedhaniwa hajui kitu alieleza kwa kunong'ona robo ya mayai kumi na mawili ni ngapi, na kwa nini. Radi nusura alie.

Wiki ya kwanza wakawa ishirini. Ya pili, thelathini na nne. Mlangoni mtu alibandika karatasi: Kimya, Kuku Anaatamia. Radi alimletea kuku mtama kutoka nyumbani, akamsalimu kila asubuhi, na kwa siri akamwonea wivu.

"Miaka kumi na minane nafundisha," alimwambia mkewe, "watoto hawakunijia. Kaja kuku, wamejaa."

Mkewe alimgusa paji la uso, maana alikuwa hajamsikia akilalamika kwa sauti ya chini tangu waoane.

Siku ya ishirini na moja vifaranga wakatoka, kumi kati ya kumi na wawili. Siku ya ishirini na mbili, kikapu kilikuwa kitupu, kuku kaondoka na wanawe. Na siku ya ishirini na mbili ndiyo iliyoangukia mwisho wa mwezi, siku ambayo mwalimu mkuu alisema atapita.

Radi alikimbia kwa jirani, akaomba kuku, kuku yeyote. Jirani alikuwa na mmoja tu. Baada ya chakula cha mchana Radi akaingia darasani shati limetoka, kwapani amebana jogoo mkubwa anayempiga mabawa usoni, akamsukumia kikapuni na kumkalisha kwa mikono miwili. Ndipo alipoinua macho. Watoto thelathini na tisa walikuwa wamekaa.

"Mwalimu," alisema kiranja kwa upole, "jogoo haatamii."

"Najua. Nisaidieni tu, ni kwa dakika arobaini. Mkikosa kuku mtaondoka."

Darasa likatazamana. Kiranja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yule kuku ni wa bibi yangu. Tulimleta sisi. Hatukumleta tumwangalie, mwalimu. Tulimleta ili wewe upunguze sauti."

Radi alisimama hapo, manyoya mawili nyweleni. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Papai, mito, makopo ya maziwa, na kumbe kilichowafukuza alikuwa akikibeba mwenyewe kila siku kooni. Halafu, chini ya ile aibu, alisikia furaha, kwa sababu watoto hawa wangeweza kubaki na maumivu yao ya tumbo, lakini walibeba kuku na mayai kumi na mawili njia nzima ili waweze kumsikiliza.

Jogoo akaruka dirishani. Radi akachukua chaki, akageukia ubao.

Mwalimu mkuu alipofika mlangoni alihesabu mara mbili, kwa kidole, midomo ikimcheza. Kisha akakunja uso.

"Mwalimu, mbona unanong'ona? Unaumwa?"

Vichwa thelathini na tisa viligeuka, na vidole thelathini na tisa vikaenda midomoni.

"Siumwi," alisema Radi. "Nafundisha."

Mwalimu mkuu, pale mlangoni, hakumsikia vizuri. Akavuta kiti, akakibeba kisikwaruze, akasogea mbele.