Ukuta wa Upande wa Kibla

Droni ilisimama hewani mbele ya ukuta wa madrasa, ikivuma kama nyigu anayetafuta pa kujenga. Halafu ikageuka, ikatazama pwani.

"Baharini nako kuna nyufa?" nikauliza.

Isdory, injinia kijana kutoka bara, hakuondoa macho kwenye kioo cha rimoti yake. "Inazunguka tu, mzee."

Sikumwamini. Madrasa ile ya Ndagoni aliijenga baba yangu kwa mawe na chokaa, kwenye kiwanja ambacho watu wa hoteli walikuwa wamekiulizia mara nyingi. Tuliwakatalia. Mwaka uleule ndipo ikaja droni, bure, eti inakagua majengo. Shule niliiacha darasa la tano, lakini hili nalijua: kiwanja kisichouzwa hutafutiwa sababu.

Jioni Isdory akanionyesha picha. Chini ya paa, upande wa kibla, mstari mwekundu.

"Kompyuta imefundishwa kwa picha za nyufa maelfu kwa maelfu, sasa inazitambua yenyewe. Ukuta huu unaachana, mzee. Watoto watoke."

"Aliyeifundisha nani? Wenye hoteli?"

"Baba!" Sabra, binti yangu, ndiye anayesomesha pale. "Mpaka uwaangukie ndiyo uamini?"

"Ukiifunga leo, kesho utaikuta ina uzio."

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa madrasa hufungwa. Nikaomba siku hizo tu, niupime ukuta kwa njia yangu.

Nilipanda ngazi mwenyewe. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama uzi wa mshipi wa kuvulia. Ufa uliotulia hauui mtu; unaoua ni ule unaotembea. Nikabandika juu yake kiraka chembamba cha lipu, kama alivyokuwa akifanya baba. Ukuta ukitulia, kiraka hubaki kizima.

Jumamosi asubuhi, watoto hawajafika, nikapanda tena. Kiraka kilikuwa kimekatika katikati.

Nikashuka, nikaanza kutoa mikeka. Isdory akaja kunisaidia. Hakunicheka, na hilo nalo nikalitilia shaka.

"Picha za ukuta nimezikubali," nikamwambia. "Za pwani zinakwenda kwa nani?"

"Zote zinakwenda ofisini, mzee. Zikitoka hapo, sijui."

Hapo nilimwamini.

Ukuta tuliubomoa wenyewe. Lakini kwanza tulisimamisha banda la makuti, mbali nao lakini ndani ya kiwanja chetu, upande wa baharini, palepale droni ilipokuwa ikitazama.

"Upepo unafunua juzuu za watoto," Sabra alilalamika.

"Wazishike," nikamwambia. "Na wasome kwa sauti."