Anwani Kwenye Kibati cha Shaba

Mzee Odyek alikubali kwenda Ulaya kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe ilikuwa imekazwa kwa skrubu nne ubavuni mwa injini.

Kwa miaka ishirini na minane alikuwa fundi wa feri ya kubeba mabehewa ya treni ziwani, pale bandari ya Port Bell. Kila asubuhi, kabla hajagusa kitu kingine, alikipangusa kibati cha shaba chenye jina la kiwanda kilichounda injini hiyo, namba ya mtaa na jina la mji: Antwerp. Kwa hiyo ofisi ya safari anakofanya kazi binti yake Akwero ilipompa zawadi ya tiketi mbili, achague mji mmoja wa Ulaya na mtu wa kwenda naye, Akwero hakujiuliza mara mbili. Mji mwingine wowote, baba yake angesema, "Nikafanye nini huko?" Alipomtajia Antwerp, mzee aliweka kikombe chini.

"Lini?"

Mama yake, Nerima, hakuona wivu. Yeye na vyombo vinavyoacha nchi kavu walishaachana siku alipotapika kwenye feri ya mumewe, mbele ya mabaharia wote. "Nendeni," alisema. "Mimi nitabaki na mjukuu wangu, tule vizuri."

Miadi ya viza ilikuwa Jumatatu. Jumamosi mchana Akwero akaja Luzira kwa wazazi wake, Whitney wa miaka miwili mgongoni na faili kwapani. Alimshusha mtoto kwa bibi yake, akafuta meza, akaanza kukagua karatasi moja moja: pasi, picha, bima, taarifa ya benki, barua ya hoteli. Baba yake alikaa wima upande wa pili kama mtu anayekaguliwa na bosi. Katikati ya bima na picha, Akwero akakuta karatasi asiyoijua.

"Hii nini, Baba?"

"Barua."

"Naona ni barua."

"Sasa unauliza nini?"

Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, kwa Meneja wa Kiwanda. Ilimjulisha kwamba Fundi Odyek angefika kukagua karakana na kuchukua gasketi mbili za injini. Chini yake ulikaa muhuri wa buluu wa ofisi ya feri.

"Muhuri umeutoa wapi?"

"Ulikuwa kwenye droo yangu."

"Umestaafu miaka saba, Baba!"

"Muhuri haujastaafu."

Nerima alicheka huko jikoni mpaka Whitney naye akacheka bila kujua kwa nini.

Akwero hakucheka. Alimwelewa baba yake. Mzee alikuwa amefika Kisumu na Mwanza mara nyingi, na hakuna hata mara moja aliyosafiri bila barua yenye muhuri. Kwa watu wa feri, anayeondoka bila barua si msafiri, ni mtoro. Lakini karani wa viza asingejua hayo. Angeona mtu anayeomba kwenda kutalii huku kabeba barua ya kazi, na faili lingeishia hapo. Kule chuoni Kyambogo, katika masomo ya jioni aliyoyamaliza akiwa na mimba ya Whitney, mwalimu alikuwa akiwaambia kila wiki: faili zima liseme jambo moja.

Angeweza kuichomoa kimyakimya. Alishaanza hata kuikunja. Ila Jumatatu karani angemuuliza mzee anaenda kufanya nini, na mzee, ambaye hajawahi kuandika kwenye daftari la injini kazi asiyoifanya, angejibu kweli tupu. Na kulikuwa na la pili, alilolificha tangu Alhamisi.

"Baba, kiwanda hakipo."

Odyek akamtazama.

"Niliiandikia hoteli, niulize ni mbali kiasi gani. Yule mama wa hoteli akanijibu. Kilifungwa zamani. Sasa ni nyumba za kupanga, na chini kuna duka la mikate."

"Alikosea mtaa."

"Nilimtumia namba. Alienda mwenyewe kwa baiskeli, akapiga picha."

Akampa simu. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Jengo la matofali mekundu, madirisha makubwa, maua kwenye vibaraza. Aliitazama muda mrefu, kisha akairudisha, akainuka, akatoka nje.

Nerima alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kale, sawa. Hujakosea. Lakini Jumatatu huendi naye popote, nakwambia. Namjua mimi."

Akwero alibaki na karatasi zake. Alikuwa amepanga siku nne: mto, kanisa kubwa, soko la Jumamosi, kukaa tu mahali wakinywa kahawa. Tangu utotoni hakuwahi kupata siku nzima na baba yake. Injini ndiyo iliyokuwa na siku zake. Hilo hakumwambia mtu. Alianza kurudisha karatasi kwenye faili, polepole, pasi ya baba yake ikiwa ya mwisho.

Mzee akaingia. Hakukaa.

"Wale waliokuwa wakifanya kazi pale walienda wapi?"

"Sijui, Baba."

"Wazee kama mimi."

"Labda."

"Kwetu, mtu akifa uko mbali, wakamzika, bado unaenda. Unakaa mahali pake kidogo, unasalimia waliobaki. Si lazima umkute."

"Ndiyo."

"Hilo tusimwambie karani?"

"Tusimwambie, Baba. Mwambie unaenda kutalii na binti yako. Ni kweli."

"Huyo mtalii anafanya nini kutwa?"

"Anatembea. Anaangalia. Akichoka anakaa."

"Hasaini popote?"

"Hasaini popote."

"Bambi, maskini," alisema Nerima, "huko watamwonea huruma."

Odyek aliichukua barua yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akavuta daftari la Akwero na kalamu, akapiga mistari kwa ukingo wa kisanduku cha miwani, safu nne za siku nne, kama alivyokuwa akipanga zamu. Katika siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, akaandika: *Duka la mikate.* Akasita, akaongeza: *Nusu saa.*

Akamsogezea binti yake daftari. Saa nyingine zote zilikuwa tupu.

"Hizo jaza wewe," alisema. "Mimi sina ratiba nyingine."