Tangi la Mke wa Kwanza

Corinne alipika nyama ya kusaga, akaifunika viazi, akaioka, kisha akaipakata ndani ya gari la mumewe mpaka kwa Marlys. Mjini Duluth mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu, hata kama mwenzake huyo ni mke wa kwanza wa mumewe. Lakini asidanganyike mtu: chakula kilikuwa kisingizio tu. Corinne alikwenda kulinda chake.

Wivu ulimkaba tangu siku mumewe, Verlyn, alipomwambia kwamba anakwenda kumtolea Marlys tangi lake kuukuu la kuchemshia maji kwa gesi, amwekee kubwa zaidi. Binti yao alikuwa amerudi kwa mama yake na watoto watatu, na maji ya moto hayawatoshi. Haya, na nyumbani kwa Corinne je? Mume fundi bomba mzima, na mkewe kila akioga maji yanapoa kabla hajasuuza nywele. Mfinyanzi hulia gaeni, hilo alilijua. Ila mfinyanzi huyu chungu kizima alikuwa nacho, akampelekea mtalaka wake.

"Umepika tena, dada," Marlys alisema, akilipokea bakuli. "Usingejisumbua."

"Si taabu. Nilisikia mna shida ya maji, nikasema nije nione."

"Au uje umwone Verlyn asipotee njia."

Marlys alicheka. Alikuwa amevaa sweta lililochakaa viwiko na bado alipendeza, na Corinne alimchukia kwa hilo.

Verlyn na jirani mmoja walilisukuma tangi jipya kwa toroli mpaka jikoni, penye mlango wa kushukia chumba cha chini.

"Umepima lakini?" jirani aliuliza.

"Nipime nini? Nyumba hii naijua nikiwa nimefumba macho."

Maneno hayo yalimchoma Corinne. Verlyn alitangulia kinyumenyume, tangi likaingia kidogo, likakwama. Wakasukuma. Likakwama zaidi, na walipolichomoa ubavu ulikuwa umebonyea.

"Huo si mlango unaoujua wewe," Marlys alisema taratibu. "Marehemu mume wangu, Gordy, aliupunguza alipojenga kabati. Zamani sana. Kumbe hujui?"

"Nitajulia wapi? Sijakanyaga humu tangu nilipoondoka."

Corinne alisikia moyo wake ukitua. Usiku ngapi amelala akimwazia mumewe yuko humu, kila anapochelewa kazini! Sasa mlango wenyewe umemtolea ushahidi. Akakata kipande kikubwa cha chakula chake mwenyewe, akala kwa raha.

Dukani hawapokei tangi lililobonyea. Ikaamuliwa Marlys atafutiwe jingine, jembamba, na hili kubwa liende kwa Corinne.

"Lichukue, dada. Nakupa kwa roho safi," Marlys alisema.

"Nami nalipokea kwa roho hiyohiyo," Corinne akajibu, na alikuwa anasema uongo. Makombo ni makombo, hata yakiwa ya moto. Lakini njiani alimshika Verlyn mkono, na hakuuachia mpaka walipofika.

Nyumbani Verlyn hakugusa toroli. Alichukua tepu, akapiga magoti kwenye mlango wao wa kushukia chini, akapima. Akapima tena, juu na chini.

"Mlango wako mwenyewe unaupima?" Corinne aliuliza. "Unapita hapo kila siku ya Mungu."

"Napita tu. Upana wake sijawahi kuutia kichwani."

Corinne alisimama nyuma yake. Alijua kwamba swali lililomjia lingemwumiza, na bado akaliuliza.

"Na ule wa Marlys, kabla haujapunguzwa, ulikuwa inchi ngapi?"

"Thelathini na mbili," Verlyn akajibu, bila hata kuinua kichwa.