Robo ya Wimbo wa Shemeji

Uongo wenyewe niliusema kwenye kikao cha walimu, Jumatatu asubuhi, mdomo umejaa mkate. Mkuu wa shule alikuwa anasoma ratiba mpya, akafika kwenye vipindi viwili vya muziki vya Alhamisi, akasema vinakwenda kwa mwalimu wa hesabu, kwa kuwa mtihani wa mwisho haumwulizi mtu kuimba. Mwalimu wa hesabu akaiandika Alhamisi kwenye daftari lake kabla sentensi haijaisha. Nimefundisha muziki shuleni hapo miaka kumi na tisa. Vipindi hivyo viwili ndivyo pekee vilivyokuwa vimebaki, na vikiondoka ningebaki kuwa msimamizi wa stoo ya viti.

"Haiwezekani," nikasema. "Ndiyo kwanza tunaingia kwenye muziki wa Kizulu."

"Wa Kizulu," mkuu akarudia.

"Wa asili kabisa. Niliusomea chuoni muhula mzima."

Ulimi hauna mfupa. Chuoni tulipata somo moja tu juu ya muziki wa Wazulu, la saa mbili, baada ya chakula cha mchana, na ninachokumbuka mpaka leo ni feni iliyokuwa inazunguka kwenye dari. Mkuu akasema sawa, baada ya wiki mbili atakuja darasani mwenyewe.

"Nionyeshe kitu cha kweli, Mwalimu. Nikiona maigizo, Alhamisi inakwenda kwenye hesabu."

Wanafunzi wananiita Kipaza. Wanadhani sijui. Jina limetokana na imani yangu, ambayo nimeitetea hata mbele ya wakaguzi, kwamba muziki usiosikika mpaka barabarani haujapigwa. Kwa hiyo nilipoanza kuwatafuta Wazulu kwenye simu, nilitafuta kelele, na mwenye kutafuta hakosi. Nikapata video ya dakika nne yenye ngoma kama arobaini, ngozi za chui, vumbi, na jamaa mmoja aliyeruka juu kana kwamba hana mpango wa kushuka. Nywele za mikono zilinisimama. Nikaipeleka darasani, nikaiunganisha na spika, nikatoa maelezo marefu juu ya roho ya shujaa.

Kuna msichana darasani ambaye wenzake humwita Wakili, kwa sababu haachi swali likalala. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona mwishoni wameandika bei ya chumba pamoja na chai ya asubuhi?"

Lilikuwa tangazo la hoteli. Nikamjibu kwamba hata hoteli zina utamaduni wake. Darasa likacheka kwa adabu, na kicheko cha adabu ndicho kinachouma.

Jioni hiyo nilimsimulia mke wangu alipokuwa anakunja nguo.

"Kaka yangu kaishi na Wazulu miaka kumi na moja," akasema. "Kwenye simu unatafuta nini?"

Hapo lazima niseme shemeji ni nani. Ni fundi wa mafriji, ana karakana yenye mlango wa bati nyuma ya duka la rangi. Ujanani alikwenda kusini, kwa Wazulu, akafanya kazi kiwandani na kulala kwenye bweni la wafanyakazi, na tangu arudi, kila tukikaa mezani huanza, "Kule bwenini," nami humkata kabla hajafika bwenini kwenyewe. Tuna utani wetu wa mashemeji: yeye ananiita Profesa wa Filimbi, mimi namwita Barafu. Lakini utani wangu ulikuwa na dharau ndani yake, na nadhani alijua. Akija kutengeneza friji letu huwa ana mvumo wake mmoja mzito, mmm, mmm, tena na tena, na si mara moja wala mbili nimemwomba anyamaze kwa kuwa natayarisha somo la muziki.

"Yeye si Mzulu," nikamwambia mke wangu. "Nataka kitu halisi."

"Na wewe ni nani, halisi?" akauliza, akanipa mashuka niyapeleke kabatini.

Siku nne zaidi nilihangaika na simu. Maji yaliponifika shingoni nikaenda karakanani kwake. Mkono mtupu haulambwi, nikanunua soda mbili baridi, nikampelekea kinywaji baridi mtu ambaye amezungukwa na mafriji. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya moja lililotolewa mgongo.

"Shemeji," nikasema, "kule bwenini..."

Akaweka bisibisi chini. "Miaka ishirini nangoja uniruhusu nimalize sentensi hiyo, Profesa."

Akaimaliza. Bwenini walikuwa na kwaya ya wanaume kumi na wawili, wote Wazulu isipokuwa yeye. Walimchukua kwa sababu mwimbaji wao wa besi, ile sauti nzito ya chini, alirudi kwao, na yeye, alivyosema, alikuwa na koo tupu lisilo na kazi. Ngoma hawakuwa nayo hata moja. Walipiga pasi suruali, wakang'arisha viatu, wakaimba taratibu, wakikanyaga kwa ncha za vidole, maana ghorofa ya chini kulikuwa na watu waliotoka zamu na wamelala. Wenyewe wanaita isicathamiya, akasema, na jina lenyewe ni habari ya kunyata.

"Ni Wazulu hawa hawa wa mikuki?"

"Wa mikuki sikukutana nao. Mimi nilikutana na wa zamu ya asubuhi."

Nikamwomba aniimbie. Akafuta mikono, akasimama wima, akaimba. Ulikuwa ule mmm wa jikoni kwangu. Nikangoja wimbo uanze, ukaisha.

"Ndio huo?"

"Hiyo ni besi. Wimbo una sauti nne. Ni mtu anamwandikia mama yake: nimefika, nimepata blanketi, usinililie. Maneno mengi wanayo wale wengine. Mimi nilirudi na robo yangu tu." Akaichukua bisibisi. "Lakini zile nyingine nazijua. Nilizisikia kila siku, kulia kwangu na kushoto."

Mtu mwenye akili angemkabidhi darasa lote palepale. Mimi nililigawa. Nusu nikampa shemeji, akawa anakuja kila siku baada ya masomo na ovaroli lake. Nusu nikabaki nayo mimi, pamoja na ngoma sita za kuazima, mikia ya katani na ngao za maboksi. Nilisema nawapa wanafunzi upeo mpana. Ukweli niliogopa kwamba mkuu akisikia ule mmm atampa mwalimu wa hesabu Alhamisi na kumwongezea Ijumaa. Wakili alihamia kundi la shemeji bila kuniaga.

Siku ikafika. Mkuu aliingia akifuatana na mwalimu wa hesabu, ambaye alikuja na madaftari ya kusahihisha ili asipoteze muda. Shemeji alikuwa amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi yangu, na bado ilimtosha. Yangu haiwezi kusema hivyo. Kabla hatujaanza, akaomba neno.

"Mheshimiwa mkuu, kule bwenini kwaya zikishindana, jaji hakuwa mtu wetu. Tulikuwa tunatoka barabarani tunamshika mpita njia, mgeni kabisa, asiyemjua yeyote kati yetu. Hana wa kumpendelea, wala hakuna wa kumhonga. Akisema, imekwisha."

Mkuu akatabasamu kwa mara ya kwanza muhula ule. "Mwalimu, nenda getini."

Mpita njia wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyebeba trei tatu za mayai, moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa kamba. Nilitaka nimwache apite nimngoje mtu mwenye sura ya kupenda ngoma, lakini Wakili alikuwa amenifuata kuhakikisha haki inatendeka.

"Samahani, mama, tunakuomba dakika kumi, uje usikilize kitu."

"Mnauza nini?"

"Hatuuzi chochote."

"Basi kumi, zisizidi. Mayai haya yana wenyewe."

Akaketi mbele, trei mapajani. Kundi langu likaanza. Ngoma kubwa niliipiga mwenyewe. Vioo vya madirisha vikaitikia, vumbi la miaka likashuka kutoka kwenye mbao za dari, na ngao mbili zikakunjika katikati ya vita. Nilimchungulia jaji. Alikuwa amezikumbatia trei kwa mikono miwili, kidevu juu ya yai la juu, macho ameyafumba. Nikajua ameguswa. Nikaongeza.

Kisha wakaingia wa shemeji. Nasema wakaingia, lakini ilibidi nigeuke kuhakikisha, maana sikusikia mguu. Sare zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, mstari mmoja. Wakili akaanza peke yake, sauti nyembamba, akimwambia mama kwamba amefika. Wakamfuata wa sauti ya pili, wakaja wa tatu, na mwisho kabisa ukaingia ule mmm. Miaka ishirini nimeufukuza jikoni kama nzi. Ulipokaa chini ya zile sauti tatu, nyumba ikapata msingi. Kwenye ubeti wa pili shemeji alinyamaza kidogo. Alikuwa anasikiliza, kulia, kisha kushoto. Akaingia tena. Niliona aibu kuliko siku ya tangazo la hoteli, na pia, sijui nisemeje, nilifurahi kwa ajili yake mpaka machozi yakanilenga.

Walipomaliza, kalamu ya mwalimu wa hesabu ilikuwa imesimama juu ya jibu ambalo hajalisahihisha. Mkuu akamgeukia mama wa mayai.

"Mimi muziki siujui," mama akasema. "Hawa wa kwanza, muda wote nilikuwa nashika mayai yangu. Hawa wa pili..." Akatazama mapajani. Hapakuwa na kitu. Akageuka huku na huku. Trei zilikuwa sakafuni, karibu na kiatu cha mwalimu wa hesabu, na hakukumbuka saa alipoziweka. "Basi ndio hivyo," akasema, akaziinua na kuondoka zake.

"Kundi la pili," mkuu akauliza, "nani amelifundisha?"

"Ni Mwalimu," shemeji akajibu haraka. "Mimi nilimsaidia tu."

Alikuwa amenifungulia mlango. Alhamisi yangu ilikuwa pale, ya kuokota tu. Wakili alinitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake.

"Si mimi," nikasema. "Mimi ni yule wa ngoma. Na chuoni sikusoma muhula, nilisoma saa mbili. Nikalala."

"Najua," mkuu akasema. "Cheti chako kiko kwenye faili, nilikiangalia Jumatatu ile ile." Akafunga daftari lake. "Alhamisi inabaki ya muziki. Atafundisha shemeji yako, akikubali. Na wewe utakuwa unaimba. Una sauti gani?"

"Kubwa," Wakili akajibu kwa niaba yangu.

Sasa kila Alhamisi nasimama mstari wa nyuma, sauti ya tatu, kushoto kwa shemeji, suruali nimepiga pasi mwenyewe. Nikikanyaga kwa kisigino, Wakili ananirudisha mlangoni nianze upya.

Jumapili iliyopita friji letu liliacha kufanya kazi. Namshuku mke wangu, kwa kuwa alitoka akatuachia nyumba sisi wawili. Shemeji akapiga magoti nyuma ya friji, akaanza mmm. Nikaizima redio, nikasogea karibu na sinki, nikaingia na sauti yangu. Tulikuwa na nusu ya wimbo. Alisikiliza mpaka mwisho wa ubeti bila kugeuka.

"Punguza, Profesa," akasema. "Kuna watu wamelala."

Ilikuwa saa sita mchana. Nikapunguza.