Simbilisi Waliotulia

"Basi uniambie, Kamaldine, kwa nini leo wametulia!"

"Wamepona, Mama Léontine. Ulitaka walie?"

"Jana walikuwa wanatetemeka. Juzi yule jike mweupe alikula watoto wake wawili. Usiku mumoja tu, wote wamepona?"

Kamaldine ni mkuu wa maabara yetu hapa Kasongo. Mimi ni fundi wake. Kwa siku tisini niliwapa simbilisi, wale wanyama wadogo kama sungura wasio na mkia, maji ya bangi mdomoni kwa bomba la sindano. Walilala, walinenepa, wakasahau hata kugombania chakula. Kisha tukaacha ghafla kuwapa. Siku ya pili wakaanza kung'atana, wakakataa majani, wakawa wanagonga vichwa kwenye waya.

Desturi yetu ni moja: utafiti ukiisha na wanyama wakiwa wazima, familia zenye watoto wenye utapiamlo hupewa wafuge. Pitchou, dereva wetu, alikuwa mlangoni na pikipiki yake, vikapu vimefungwa, tayari kwenda Kabambare. Huko jina la kwanza kwenye orodha ni la binti yangu Victorine. Mtoto wake mdogo amevimba miguu kwa kukosa nyama.

Nilimkamata simbilisi mmoja, nikampanua mdomo. Ulimi wa kijani, harufu ile ile.

"Umewapa bangi."

Kamaldine akatazama sakafu. "Kidogo tu, ya safari. Barabara iko mubaya, Mama. Wangeuana ndani ya vikapu. Hata Pitchou anavuta ndiyo afike."

"Muniache mimi!" Pitchou akajibu kutoka mlangoni.

"Na kesho kutwa, bangi ikiwaisha mwilini? Watazaa, watakula watoto wao. Victorine atafuga nini?"

"Basi awachinje. Nyama ni nyama."

"Mutoto amevimba, wewe umulishe bangi?"

"Ni mujukuu wako, Mama, si wangu. Wewe utamwambia nini binti yako?"

Nilimwambia Pitchou hakuna safari, nyama yenye bangi haiendi kwa mtoto. Hakuna simbilisi wengine, na wafadhili hawatatuma tena mwaka huu.

Nilivaa glavu. Nikaanza na yule jike mweupe: mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine miguuni, nikavuta mpaka shingo ikavunjika. Hakupigana. Wala wenzake hawakupigana, waliningoja kwa zamu wakitafuna tu.

Pitchou alifungua vikapu, akachimba shimo nyuma ya jengo. Tuliwazika wote ishirini na sita, na kabla ya udongo nikawamwagia kreolini, ile dawa kali ya kusafishia vyoo, mtu asije akafukua nyama.