Alama Zisifutike

Fundi alioga vipande vipande. Alikaa kwenye kigoda mbele ya beseni, akaanza na nyayo, akapanda magotini, akafika kiunoni, hapo akasita. Kutoka kiunoni kwenda juu alitumia kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikabaki na unyevu tu. Alijipangusa shingo, mgongo na upande wa kulia. Upande wa kushoto, ambako zamani palikuwa na titi, hakugusa. Hapo palikuwa na mistari minne ya zambarau na misalaba midogo mitatu, yote imechorwa hospitali ili kumwonyesha mtaalamu wa mionzi mahali pa kuchoma.

"Alama hizi zisifutike, mama," mtaalamu alimwambia siku ya kwanza. "Zikifutika, tunaanza moja."

Alikuwa amechomwa mara tisa kati ya ishirini na tano mashine ilipokufa. Asubuhi ya mara ya kumi yeye na wagonjwa wenzake walikuta karatasi imebandikwa mlangoni: kipuri kimeagizwa. Kimeagizwa wapi, na kitafika lini, karatasi haikusema. Walirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine tena. Bwana wa dirisha la mapokezi walikwisha kumpa jina, wakamwita Bado, kwa kuwa neno hilo lilikuwa likimtoka kabla hujamaliza kusalimia.

"Bado, jamani. Vumilieni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Uhunzi hauishi, mwanangu," alijibu mzee mmoja mwenye kitambaa shingoni. "Wanaokwisha ni sisi vyuma." Watu wakacheka, Bado naye akacheka. Wiki mbili baadaye kiti cha mzee yule kilikaliwa na mtu mwingine, na hakuna aliyeuliza.

Nyumbani, joto la chumba chake cha cherehani halikuwa na huruma. Jasho lilishuka kifuani mwa Fundi, na mistari ikaanza kwenda nalo. Wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akimshikia kioo.

"Wifi, huu wa chini unakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Unafifia. Na ule msalaba wa kwapani umebaki mguu mmoja."

Fundi alikuwa na miaka thelathini katika ushonaji. Chaki ikififia juu ya kitambaa, fundi haketi akalia. Anarudia. Alichukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia majina kwenye mifuko ya wateja, na rula yake ya mbao.

"Tusiulize kwanza?" wifi alisema.

"Tumuulize nani? Bado?"

Walicheka mpaka Fundi akashika mshono wa kidonda kwa maumivu. Kisha akachora, taratibu, ulimi ukiwa umebanwa kwenye meno. Kwapani hakuweza kupaona, wifi akamchorea. Tangu siku hiyo, kila walipoona wino umepauka, walirudia. Fundi alifurahi, na hakuona aibu kufurahi. Mikono yake haikuweza kutengeneza mashine, lakini walau ingemtunzia nafasi yake.

Wiki ya saba simu ililia. Mashine imepona, njoo.

"Shikamoo, mama," mtaalamu alimwamkia. Alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa uchovu.

"Marahaba, mwanangu. Leo Mungu ameona."

Akavua, akalala juu ya meza baridi, akainua mkono wa kushoto juu ya kichwa kama alivyofundishwa. Taa nyekundu zilimpita kifuani. Zikarudi. Zikapita tena.

"Nani amechora hapa?"

"Mimi. Kwapani ni wifi yangu." Alilisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayengoja kusifiwa.

Kijana akaweka rula. Akapima upande huu, akapima upande ule.

"Mama, zimehama. Huku nusu sentimita. Huku kwapani, karibu mbili. Nikifuata hizi nitachoma moyo."

Fundi alielewa kabla hajaelezwa zaidi, na kuelewa huko ndiko kulikomuuma. Mwanafunzi wake angeelewa pia. Ni mara ngapi aliwapiga vibao vya mkono wanaojifunza kushona kwake? Mkono wa kumi wa shati usiukate kwa kufuata wa tisa, aliwaambia, rudi kwenye karatasi ya kipimo. Mstari unaorudiwa juu ya mstari uliorudiwa hutembea. Alijua hayo yote, na bado alikuwa ameuchora mwili wake kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Basi nimejimaliza kwa mkono wangu."

Kijana akasugua macho. "Hapana, mama. Hata usingegusa. Wiki saba! Umekonda, ngozi imelegea, ingebidi upimwe upya tu. Wote wanapimwa upya."

Fundi akaketi, akajifunika kwa khanga. "Basi andika hivyo. Mashine iliharibika wiki saba."

Kijana akafungua faili, akageuza fomu ili naye aione. "Ninatakiwa kuweka alama ya vema kwenye sababu moja. Zipo tatu. Mgonjwa hakuhudhuria. Mgonjwa amekataa tiba. Mgonjwa ameharibu alama."

"Ya mashine ni ipi?"

"Ya mashine haipo."

"Ongeza kwa kalamu."

"Nikiongeza, fomu inarudishwa, na faili linakaa kwa wakubwa likingoja maelezo. Wewe utakuwa unangoja wapi?" Akaweka alama kwenye ya tatu. "Nimekuchagulia iliyo nyepesi, mama. Weka sahihi hapa."

Akaweka. Mkono ulikuwa umezoea kalamu.

Dirishani, Bado alifunua daftari, akalamba kidole, akageuza kurasa nyingi mno.

"Kupimwa upya ni baada ya miezi minne."

"Na zile tisa zangu?"

"Tisa zipi?"

"Nilizochomwa."

Bado alisoma fomu. "Hapa umeandikwa umeharibu alama, mama. Anayeanza upya anapangwa mwisho." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Pole sana."

Alasiri ile wifi alichemsha maji mengi, akaleta sabuni na dodoki. Hapakuwa na cha kulinda tena. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, Fundi alimwagiwa maji kuanzia utosini, na alilia waziwazi, maji na machozi vikishuka pamoja. Wifi alisugua. Wino wa hospitali ulikwisha kutoka siku nyingi. Wa mifuko ya wateja haukutoka. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na mistari ikabaki pale pale, myeusi, imenyooka.

Mkono wa wifi ukasimama juu kidogo ya mfupa wa bega. Ukabonyeza. Ukabonyeza tena, taratibu: kivimbe kigumu.

"Nimekiona tangu juzi," Fundi alisema.

"Wifi, mbona hukumwambia yule kijana?"

"Nilikwenda nikiwa na la kumwambia. Nikatoka nimetia sahihi."

Alijifunga khanga, akaenda hadi kwenye cherehani, akachukua futi ya kupimia na kalamu ileile, akampa.

"Kizungushie."

"Tusichore tena, wifi. Tafadhali."

"Kizungushie. Baada ya miezi minne waone kilipoanzia."

Wifi akachora duara dogo. Duara halikukutana vizuri.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo," Fundi alisema. "Pembeni andika tarehe ya leo."