Kinywa Kilichokausha Mitumba ya Msasani

Masika yalipogoma kwisha, Shamsia aliacha kuanika mitumba yake kwenye kamba. Asubuhi alifungua kibanda chake pale Msasani ya Tukuyu, akamkalisha jirani yake Lutufyo kwenye kigoda, akatundika mashati mbele ya kinywa chake. Lutufyo akaachama. Kabla chai haijapoa, mashati yalikuwa makavu, tayari kwa pasi.

Kinywa kile kilikauka tangu alipoanzishiwa vidonge vya akili. Zamani kulikuwa na miezi alikuwa halali usiku, analimia watu mashamba bila kuombwa, anatunga nyimbo ambazo kwaya nzima haikuweza kuzimaliza. Kisha ikaja miezi ya kugeukia ukutani, hata mswaki ukamshinda kuunyanyua. Vidonge vilimtuliza, vikachukua mate yake. Majirani walimshukuru Mungu kwa yote mawili, maana mvua ya Tukuyu haina adabu. Wanawake wa Ikuti walimletea maharage yaliyolowa, wakayachukua jioni.

Shamsia alimhurumia, akampa pipi za kumung'unya ili koo lisimkerekete. Meno yakaoza. Kila alipokwenda kutibiwa aling'olewa, kwa sababu alijulikana ni mtu wa vidonge, na mtu wa vidonge hazibwi jino. Sasa lilikuwa limetoboka jino la mbele, ambalo bila hilo maneno ya wimbo yangemtoka kama upepo. Kuimba ndicho kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakuna aliyekiita ugonjwa.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kutibu, Daktari Ackson alikuwa amefungua chumba cha meno mjini, na aliziba vizuri. Anosisye, dada yake Lutufyo, akampeleka.

"Dokta, naomba unizibie hili," Lutufyo alisema. "Naimbia."

Daktari akamgeukia Anosisye. "Anaelewa anachosema huyu?"

"Anaelewa, baba. Si anaongea na wewe?"

"Hawa hawapigi mswaki, mama. Nikiziba litaoza tena. Tung'oe, tumalize."

"Nikizidiwa, dada ananipigisha mswaki," Lutufyo alisema. "Kila siku."

"Fungua mdomo, kaka," daktari alisema.

Alipoachama, ukuta uliokuwa na ukungu tangu kujengwa ukaanza kukauka. Daktari aliutazama, akaenda kuleta koti lake lililonyeshewa, akalitundika kwenye taa ya kiti. Muuguzi naye akaleta mashuka.

"Kaa hivyo hivyo," daktari alisema, akachukua koleo.

Lutufyo aliona uchungu mkubwa moyoni. Hakusema, kwa kuwa kinywani mlikuwa na mikono ya mtu. Anosisye alitazama chini.

Jumapili kwaya ilifika kanisani imelowa chapachapa. Lutufyo, sasa akiwa na pengo mbele, aliketi kwenye benchi la barazani, nje ya mlango, wenzake wakapanga foleni mbele yake, wakakauka mmoja mmoja.

"Ndaga, kaka," kila mmoja alimshukuru, akaingia kuimba.

Mlango ukafungwa ili mvua isiingie. Lutufyo akabaki nje, ameachama, akisubiri waliochelewa.